Maswali ya Wasomaji: Muuza Duka wa Sacramento Aliyekuwa Gavana

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu amemaliza kidato cha sita na anatamani kuomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Stanford, huko California. Tulipokuwa tukitafuta habari za chuo hicho tulisoma kwamba mwanzilishi wake, Leland Stanford, alikuwa muuza duka kabla ya kuwa gavana wa jimbo. Mzee mwenzangu hapa mtaani amebisha kabisa. Anasema gavana wa Marekani hawezi kutokea nyuma ya kaunta, lazima alikuwa mwanasheria. Naomba utuamulie. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, nyote wawili mna haki, ila wewe umemzidi mwenzako kidogo. Stanford alianza kazi akiwa mwanasheria, akaishia kwenye duka kwa ajali ya moto, na lililomfikisha kwenye ugavana ni duka.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1824 huko Watervliet, karibu na mji wa Albany katika jimbo la New York. Baba yake, mzee Josiah Stanford, alikuwa na shamba na nyumba ya wageni, na alichukua pia kandarasi za kutengeneza barabara. Leland alipokuwa mtu mzima alipenda kusimulia biashara yake ya kwanza. Akiwa na umri wa miaka kama sita, yeye na ndugu zake wawili walichimba mizizi mikali ambayo watu wa kule husaga na kulia nyama, wakaiosha ikawa safi, wakaipeleka sokoni katika mji wa Schenectady na kuiuza kwa shilingi sita. Ni shilingi kweli, maana watu wa New York walikuwa bado wanahesabu kwa shilingi za kizamani. Fungu lake lilikuwa shilingi mbili, na miaka mingi baadaye, alipokuwa na mamilioni ya dola, bado alizikumbuka.

Alijifunza sheria katika ofisi ya mawakili mjini Albany, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1848, kisha akahamia Port Washington, mji mdogo wa Wisconsin ulio kando ya Ziwa Michigan. Baba yake alimpa zawadi ya maktaba ya vitabu vya sheria, na mwaka 1850 alimwoa Jane Lathrop, binti wa mfanyabiashara wa Albany. Mwaka 1852 moto uliteketeza ofisi na vitabu vyote. Wakili wa siku zile asiye na vitabu alikuwa kama seremala asiye na msumeno, na Stanford hakuwa na moyo wa kuanza upya palepale. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kwenda California, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1848, na walikuwa wameona mapema kwamba fedha ya uhakika iko katika kumuuzia mchimbaji mahitaji yake. Naye akawafuata. Alifika San Francisco mwezi Julai 1852, akiwa amemwacha mkewe Albany kwa wazazi wake, na wakakaa mbali hivyo kwa miaka kama mitatu.

Duka lake la kwanza lilikuwa Cold Springs, katika vilima vya machimbo. Wachimbaji walipohama naye akahama, akafungua duka lingine mahali palipoitwa Michigan Bluff. Ndugu msomaji, usifikirie jengo la vioo. Fikiria zaidi kile ambacho hapa Tanzania tungekiita duka la mangi, lililojengwa kwa mbao, lenye kila kitu kuanzia unga, maharage, viazi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa hadi mishumaa, buti, sururu na sepeto. Juu ya kaunta za maduka ya namna hiyo palikuwa na mizani ndogo, kwa sababu noti zilikuwa adimu na mchimbaji alilipa kwa chenga za dhahabu alizozitia katika mfuko wa ngozi. Mwenye duka alizimimina kwenye kisahani, akaongeza kidogo, akapunguza kidogo, hadi mkono wa mizani ukatulia. Mchimbaji aliweza kufua mchanga wiki nzima bila kupata kitu, lakini alihitaji kula hata wiki hiyo, na akikosa cha kulipa jina lake liliingia kwenye daftari la madeni.

Ni katika duka hilo la milimani, naamini, ndipo siasa zake zilipoanzia, ingawa yeye mwenyewe hakujua wakati ule. Mwenye duka la machimboni aliwajua watu wote, alijua nani analipa na nani hukimbia deni, na nyumbani kwake ndiko habari zilikofikia. Michigan Bluff walimfanya hakimu wa kesi ndogo ndogo. Mwaka 1855 alirudi Albany kumchukua mkewe, na wawili hao wakahamia Sacramento, makao makuu ya jimbo, ambako Stanford alinunua fungu la ndugu zake katika biashara ya jumla na kuwa mwenye duka mkubwa.

Huko Sacramento alijiunga na kikundi kidogo cha wafanyabiashara waliokuwa wakianzisha Chama cha Republican katika jimbo hilo. Ulikuwa ni uamuzi wa ajabu kwa mtu wa biashara, kwa maana chama kilikuwa kichanga, kilipinga kuenea kwa utumwa, na katika California ya wakati ule chama pinzani cha Democratic ndicho kilichotawala kila kitu. Mwaka 1857 Stanford aligombea nafasi ya mweka hazina wa jimbo, akashindwa. Mwaka 1859 akagombea ugavana na kuambulia kura zipatazo 10,000 kati ya zaidi ya 100,000. Mtu mwingine angerudi dukani akanyamaza. Lakini mwaka 1861 vita kati ya Kaskazini na Kusini vilikuwa vimeanza, Democratic wakagawanyika makundi mawili yenye wagombea wawili, na Stanford akapita katikati yao kwa kura zipatazo 56,000. Akawa gavana wa kwanza wa California kutoka Chama cha Republican, akiwa na umri wa miaka 37.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba bwana huyu wa California alikuwa rais wa kampuni ya reli na gavana wa jimbo kwa wakati uleule. Iliwezekanaje? Na je, kampuni ilipata faida kwa sababu mwenyewe alikuwa Ikulu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, umegusa penyewe, na hapa nitakawia.

Kampuni ya reli ya Central Pacific iliandikishwa tarehe 28 Juni 1861, Stanford akiwa rais wake. Mwezi huohuo chama chake kilimteua kugombea ugavana. Kwa hiyo hakuwa gavana aliyeingizwa katika biashara baadaye, wala mfanyabiashara aliyeacha biashara ili atumikie umma. Nafasi zote mbili alizishika pamoja tangu mwanzo, na waliompigia kura walijua.

Chanzo cha reli hiyo hakikuwa Stanford bali mhandisi kijana, Theodore Judah, aliyekuwa amezunguka kote akitafuta watu wa kutoa fedha ili reli ivuke milima ya Sierra Nevada na kuiunganisha California na majimbo ya mashariki. Matajiri wa San Francisco walimwona mwendawazimu. Mjini Sacramento alipata wasikilizaji katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya chuma la Collis Huntington na Mark Hopkins katika mtaa wa K. Pamoja na hao wawili walikuwapo Charles Crocker, muuza vitambaa, na Stanford, muuza vyakula. Judah alikuwa mwerevu. Hakuwaeleza sana habari za taifa na bahari mbili. Aliwaeleza kwamba hata kama reli isingefika mbali, barabara ya kuvuka milima ingewapa biashara yote ya machimbo ya fedha ya Nevada. Lugha hiyo wenye maduka waliielewa. Kila mmoja wao aliandikisha hisa 150 za dola 100, na kwa kuwa malipo ya kuanzia yalikuwa sehemu moja ya kumi, kila mmoja alitoa dola 1,500 tu taslimu. Hiyo ndiyo mbegu ya utajiri wote uliofuata, na yeyote aliyewahi kuweka oda ya mzigo kwa malipo ya awali ataitambua hesabu yake.

Stanford aliapishwa tarehe 10 Januari 1862, wakati California ilipopatwa na mafuriko makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa katika historia ya jimbo hilo. Mitaa ya Sacramento ilikuwa imegeuka mito. Gavana mteule alipanda mtumbwi wa makasia kutoka nyumbani kwake, akapigwa kasia hadi kwenye jengo la Bunge, akala kiapo, akasoma hotuba, na aliporudi maji yalikuwa yamepanda hadi ikabidi aingie nyumbani kupitia dirisha la ghorofani. Siku chache baadaye Bunge zima lilihamia San Francisco kwa muda. Mimi huona picha ya gavana akipenya dirishani na suti yake ya kuapishwa inamwelezea mtu huyo kuliko sanamu zake zote: mtu mzito wa mwili, mpole wa maneno, ambaye hakuahirisha jambo lililokwisha kupangwa.

Sasa nije kwenye faida. Tarehe 1 Julai 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoipa Central Pacific kazi ya kujenga reli kutoka Sacramento kwenda mashariki. Serikali kuu ilitoa ardhi kandokando ya njia, na pia ilikopesha hati fungani, yaani karatasi za deni la serikali zinazoweza kuuzwa kwa fedha, kwa kila maili iliyokamilika: dola 16,000 katika tambarare, dola 32,000 katika nyanda kavu zilizo kati ya safu za milima, na dola 48,000 katika milima yenyewe. Hayo yalitoka Washington. Lakini jimboni kwake Stanford mwenyewe alihimiza Bunge la jimbo lipitishe sheria za kuisaidia kampuni, na sheria zilipopita alizitia saini. Miji na wilaya ziliruhusiwa kununua hisa za kampuni kwa fedha za umma endapo wapiga kura wangekubali: San Francisco dola 600,000, Sacramento 300,000, Placer 250,000. Siku ya kura ya San Francisco, Mei 1863, ndugu wa gavana alionekana akizunguka vituoni na gari la farasi, na baadaye watu waliapa mahakamani kwamba alikuwa akiwagawia wapiga kura vipande vya dhahabu kutoka kwenye mfuko. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Mwaka huohuo gavana alimteua Edwin Crocker kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Jaji huyo alikuwa ndugu wa Charles Crocker, mwenye hisa mwenzake, na alipoondoka mahakamani akawa mwanasheria mkuu wa kampuni ya reli.

Lililonishangaza zaidi nilipolisoma mara ya kwanza ni habari ya mlima. Kama nilivyosema, maili ya mlimani ililipiwa mara tatu ya maili ya tambarare, kwa hiyo swali la mlima unaanzia wapi lilikuwa swali la fedha. Macho ya kawaida, na ya Judah pia, yaliona kwamba mwinuko wa kweli unaanza maili zaidi ya 20 kutoka mjini. Gavana alimtaka mwanajiolojia wa jimbo, Josiah Whitney, atoe maoni ya kitaalamu. Whitney alikwenda na Charles Crocker, wakatazama udongo, na kwa sababu udongo mwekundu ulioteremka kutoka milimani ulikutana na udongo mweusi wa bonde karibu na kijito cha Arcade, aliandika kwamba hapo panafaa kuhesabiwa kuwa mwanzo wa Sierra Nevada. Kijito cha Arcade kiko maili saba kutoka Sacramento, mahali tambarare kama meza. Lincoln alikubali, na mbunge mmoja wa California, Aaron Sargent, akatania kwamba imani ya Abraham imehamisha milima. Kwa kila maili iliyogeuzwa mlima kwa njia hiyo, kampuni ilipata mkopo wa dola 32,000 zaidi ya ule iliostahili. Judah, ambaye alikuwa amekwisha kugombana na wenye maduka kwa mambo mengi, alisafiri kwenda mashariki kutafuta watu wenye fedha wa kununua hisa za wenye maduka hao, akapata homa ya manjano njiani Panama, na akafariki New York Novemba 1863 akiwa na umri wa miaka 37.

Si haki kusema kwamba Stanford alifanya hayo tu. Aliiweka California upande wa Lincoln katika vita, jambo ambalo halikuwa la hakika kwa sababu Kusini ilikuwa na wafuasi wengi huko, na alibana matumizi ya serikali kama anayebana gharama za duka hadi deni la jimbo likapungua sana. Alitia saini sheria iliyoanzisha chuo cha kwanza cha ualimu cha jimbo, ambacho leo ni chuo kikuu mjini San José. Muhula wake ulikuwa wa miaka miwili, wa mwisho wa urefu huo, kwa maana katiba ilirekebishwa na magavana waliofuata wakapewa miaka minne. Chama hakikumteua tena, na Desemba 1863 aliondoka Ikulu.

Umeuliza iliwezekanaje. Iliwezekana kwa sababu Marekani ya wakati ule haikuwa na jina la kile ambacho sisi tunakiita mgongano wa maslahi. Watu wa California waliitaka reli kuliko walivyotaka kitu kingine chochote. Safari ya kwenda mashariki ilikuwa ya wiki nyingi kwa meli au kwa gari la ng'ombe. Kama gavana ndiye mwenye reli, wengi walisema, basi reli itajengwa upesi. Na ilijengwa. Ninachokikataa ni masimulizi yanayomtenga gavana na mfanyabiashara kana kwamba walikuwa watu wawili wasiofahamiana. Alitawala kama alivyouza, mizani ikiwa upande wake wa kaunta.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini Leland Stanford anatajwa kuwa aliwachukia Wachina na pia anatajwa kuwa aliwaajiri kwa maelfu. Nimeshindwa kuwapa jibu linaloeleweka. (Mwalimu, Bukoba)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamesoma vizuri, kwa maana yote mawili yameandikwa kwa mkono wake.

Katika hotuba ileile ya siku ya mafuriko, Stanford aliwaambia watu wa California kwamba Asia inawaletea takataka za watu wake, na kwamba kukaa kwa jamii duni miongoni mwao kunapaswa kuzuiwa kwa kila njia halali. Miezi mitatu baadaye sheria ikapita ya kuwatoza Wachina kodi ya dola mbili na nusu kila mwezi, na kichwa chake kilisema wazi kwamba inawalinda wafanyakazi weupe dhidi ya ushindani. Mahakama ya Juu ya jimbo iliifuta mwaka huohuo. Katika simulizi za Wachina wa Sacramento kuna habari kwamba katika siku hizohizo mke wa gavana aliugua kifua, madaktari wakashindwa, na mpishi wa nyumbani akamletea dawa ya mitishamba kutoka kwa mganga wa Kichina wa mjini, akapona. Nawaachia wanafunzi wako waipime simulizi hiyo.

Kisha biashara ikasema. Reli ilipofika vilimani, vijana weupe walioajiriwa walifanya kazi wiki moja, wakachukua mshahara wao na kukimbilia machimbo ya Nevada. Kuanzia mwaka 1864 Charles Crocker alijaribu kikundi kidogo cha Wachina, akaongeza, akaongeza tena, hadi walipofika zaidi ya 10,000 na kuwa wengi kabisa kati ya wafanyakazi wote. Walipasua mawe ya Sierra kwa baruti, wakachimba mahandaki kwa nyundo na tindo, na majira ya baridi walifanya kazi chini ya theluji. Walilipwa dola 30 na kitu kwa mwezi na kujinunulia chakula, wakati wazungu walipewa chakula juu ya mshahara. Oktoba 1865 Stanford alimwandikia Rais Andrew Johnson kwamba Wachina ni watulivu, wenye amani, wavumilivu, wachapakazi na wasiopoteza fedha, na kwamba bila wao sehemu ya magharibi ya reli isingeweza kukamilika katika muda uliowekwa na sheria.

Usiwaambie wanafunzi kwamba moyo wake ulibadilika, Mwalimu, kwa sababu hakuna dalili ya hilo. Mwaka 1862 aliandika kama mtafuta kura mbele ya wapiga kura waliowachukia Wachina, na mwaka 1865 aliandika kama mwenye mali anayetoa hesabu kwa mkopeshaji. Juni 1867 maelfu ya wafanyakazi hao waligoma kudai dola 40 na saa chache za kazi. Kampuni haikupiga risasi hata moja. Crocker alisimamisha magari ya chakula yaliyopanda mlimani, na ndani ya wiki moja njaa ikamaliza mgomo. Mbinu hiyo ni ya mtu anayejua uzito wa gunia la mchele.

Reli hiyo na ile iliyojengwa kutoka mashariki zilikutana Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Reli ya mwisho upande wa Central Pacific iliwekwa na Wachina, kisha Stanford akapewa nyundo apige msumari wa mwisho. Inasimuliwa kwamba alikosa, na watu waliokuwa wamechimba mahandaki kwa mikono yao wakacheka.

SWALI: Je, aliwahi kuulizwa kuhusu fedha hizo? Na pesa za kujenga chuo zilitoka wapi? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Aliulizwa mara moja kwa uzito, mwaka 1887. Wakati huo alikuwa Seneta wa Marekani, nafasi aliyoipata mwaka 1885 bila kupigiwa kura na wananchi, kwa kuwa maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Aliyesukumwa pembeni ili yeye apite ni yule yule Sargent wa utani wa milima, aliyekuwa rafiki wa Huntington, na Huntington hakumsamehe Stanford hata kidogo. Mwaka 1890 alimwondoa katika urais wa Southern Pacific, kampuni nyingine ya reli ya kundi lao.

Tume ya serikali kuu ilikuja kuchunguza jinsi reli zilivyotumia mikopo. Ilitaka kuona daftari za kampuni ya ujenzi ambayo wenye maduka wanne walikuwa wameianzisha wenyewe, wakiipa kandarasi za reli yao na kujilipa. Daftari hazikuonekana. Stanford alipoulizwa kama baadhi ya fedha zilitumika kuwashawishi wabunge, alikataa kujibu. Tume ikaenda mahakamani, na mahakama ikaamua kwamba hawezi kulazimishwa. Kati ya majaji watatu waliosikiliza shauri hilo, wawili, Stephen Field na Lorenzo Sawyer, walikuwa wadhamini wa chuo alichokuwa akikijenga. Waswahili tuna msemo wa kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani.

Chuo chenyewe kilitokana na msiba. Mtoto wake wa pekee, Leland mdogo, aliyezaliwa miaka 18 baada ya ndoa, alifariki kwa homa ya matumbo mjini Florence, Italia, Machi 1884, akiwa na miaka 15. Wazazi wakaamua kwamba watoto wa California wawe watoto wao. Walitoa ardhi na mali iliyotokana na reli, na chuo kikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1891, kikiwapokea wanaume kwa wanawake bila ada.

Stanford alifariki tarehe 21 Juni 1893, na hapo daftari la madeni likarudi mlangoni. Serikali kuu ilidai dola milioni 15 kutoka katika mirathi, ikisema kwamba mwenye hisa anawajibika kwa mkopo wa reli. Mali ikafungiwa hadi shauri liishe, na walimu wa chuo wakawa hawana mshahara. Bi Jane, ambaye aliwahi kuachwa Albany huku mumewe akipima chenga za dhahabu, alikwenda mbele ya jaji wa mirathi. Jaji alimruhusu apewe dola 10,000 kila mwezi kwa matumizi ya nyumba yake, kama alivyozoea alipokuwa na mumewe. Kisha ikapatikana njia: walimu wa chuo waliandikwa katika orodha ya watumishi wa nyumbani kwa Bi Stanford, pamoja na wapishi na watunza bustani. Kwa njia hiyo walilipwa hadi Machi 1896, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba mjane hadaiwi kitu.